Sanduku la Kumeza Magari

Mfumo alikuwa amechuchumaa kwenye pampu ya gereji, anajaza upepo gurudumu la gari la mama mkwe wake, aliposikia riziki yake ikipiga kelele kutoka ghorofani.

"Nimekaa dirishani wiki nzima!" sauti ya mwanamke ilishuka. "Nimehesabu magari ishirini na tisa kwa macho yangu haya mawili. Karatasi uliyoniletea ina kumi na moja. Hayo mengine yaliota mbawa?"

"Sasa dada, si nilishakwambia?" alijibu mwanamume mnene aliyesimama mlangoni mwa ofisi ya chini. "Programu ya gereji iko huku chini, vitabu vya hesabu viko huko juu kwako. Mashine hazizungumzi! Mimi nanakili kwa mkono, na mkono nao unachoka."

"Basi ziunganishwe kabla ya Ijumaa. La sivyo naleta wakaguzi, na nusu yangu ya gereji naitafutia mnunuzi."

Dirisha likafungwa kwa kishindo. Mfumo alikuwa amesahau pampu, nayo iliendelea kupuliza mpaka gurudumu likaanza kulia.

Tumweleze kidogo bwana huyu, maana mwenyewe akijieleza mtaondoka hapa mmenunua kitu. Jina alilopewa na mama yake lilikuwa halitumiki siku nyingi. Mjini walimwita Mfumo, kwa sababu kila alichouza alikiita mfumo. Aliwahi kumuuzia kinyozi mfumo wa kuzuia nywele zisianguke sakafuni, na kinyozi yule mpaka leo anasema kosa lilikuwa la sakafu. Kompyuta alijua kuiwasha. Kuizima alikuwa anabahatisha.

Lakini mwezi wa tatu sasa biashara ilikuwa imemgomea, na nyumba yake ilikuwa kimya. Mke wake alikuwa amerudi kwa mama yake, pamoja na masufuria yote. Mama mkwe akatoa sharti moja tu: binti atarudi siku ile mkwe atakapoonyesha kwamba anaweza kulisha nyumba. Mfumo alimpenda mke wake. Hilo lilikuwa kweli, na kwa vile kweli zake zilikuwa chache, lilimuuma sana.

Kesho yake asubuhi alimwambia mama mkwe kwamba ana usaili wa kazi.

"Chukua gari, baba, usifike huko umelowa jasho," mama alisema. "Ila saa kumi kamili liwe hapa mlangoni, nina kikao cha akina mama. Likirudi na mkwaruzo, hata mmoja, mke utamsikia redioni."

Saa mbili Mfumo aliegesha gari lile jeupe gerejini, akashuka na suti ya kukodi, kwapani kabeba sanduku. Lilikuwa sanduku la viatu lililopakwa rangi nyeusi. Juu yake kulikuwa na taa tatu za kupepesa zilizong'olewa kwenye roboti la mtoto, na ubavuni ulitoka waya mrefu wa buluu ambao haukuwa umeunganishwa popote.

Mwenye gereji, yule mnene wa jana, aliitwa Gasketi, kwa kuwa kwake hakuna kilichovuja, iwe mafuta au senti. Alimkaribisha mgeni ofisini, akalitazama sanduku kwa heshima.

"Hili linaitwa Daraja," alisema Mfumo kwa sauti ya msibani. "Upande huu programu yako, upande ule vitabu vya dada. Gari likiingia gerejini, linavuka lenyewe, linaandikwa kule juu."

Gasketi alisimama, akafunga mlango, akarudi kukaa. "Yanavuka yote?"

"Kwani bosi anataka yavuke yote?"

"Bosi hajasema hivyo."

"Basi bosi anataka Daraja lenye njaa."

Walitazamana kama watu waliopotezana utotoni.

"Litakula mangapi?" Gasketi alinong'ona.

"Kwenye kila kumi, sita."

"Saba."

"Saba litavimbiwa, bosi."

"Litazoea."

Gasketi hakuwa mtu wa kununua kitu bila kukiona kikifanya kazi. Akampa Mfumo neno la siri la programu, akamwambia aandike kadi ya gari la uongo ili walione linavyomezwa. Programu ikakataa. Ilitaka namba ya gari la kweli, lililo ndani ya gereji saa hiyo. Gasketi naye akakataa asiguswe mteja wake hata mmoja. Basi Mfumo, kwa ukarimu wa mtu asiyejua anachokifanya, akaandika namba pekee aliyoijua kwa kichwa, ya gari la mama mkwe.

"Tuweke kazi kubwa," alisema, "tuone koo lake lina upana gani." Akaandika: ng'oa milango yote minne. Toa magurudumu yote. Paka gari zima rangi ya chungwa.

"Ya chungwa!" Gasketi alicheka mpaka akafuta machozi kwa shati. Mfumo akabonyeza Tuma. Taa tatu zikapepesa.

"Limemezwa," alisema Mfumo kwa huzuni, kana kwamba amemfahamu marehemu.

Baada ya hapo walizungumza bei kwa saa tano, maana Gasketi hakufunguka kirahisi. Laki nne ilipotoka mfukoni mwake, ilitoka noti moja moja, na kila moja aliisindikiza kwa macho.

Jambo ambalo Gasketi, kwa furaha yake, alisahau kulitaja ni hili. Katika gereji ile, kadi ikitumwa hujitokeza papo hapo kwenye skrini ya karakana, na chini ya skrini ile hukaa Fundi Kadi. Zamani fundi huyu alitengeneza breki za gari bila kadi, Gasketi akamkata nusu ya mshahara. Tangu siku hiyo hakugusa kitu kisicho na kadi, na chenye kadi hakukikataa. Siku moja kadi iliandikwa kwa makosa kwamba aoshe injini ya gari lililoletwa bila injini. Aliosha nafasi yake, akaikausha, akatia sahihi.

Mfumo alipanda ghorofani kukamilisha maigizo. Dada mtu, ambaye gereji nzima walimwita Mhasibu, alikuwa mezani na penseli nywelani.

"Tayari, dada. Umeunganishwa."

"Na nini? Huo waya wako nimeuona umeishia kwenye ngazi."

"Mawasiliano yanapita hewani."

"Waya wa nini sasa?"

"Wa heshima."

Mhasibu aliichomoa penseli nywelani. "Kaka yangu amekulipa ngapi ili magari yasinifikie?"

"Dada, siri za mteja mimi huwa nazikwa nazo."

"Nakulipa kama hiyo hiyo."

"Laki tano," alisema Mfumo, akaongeza laki hapo hapo bila hata kuhema. "Nami nitalifundisha Daraja lipitishe yote."

"Daraja kalale nalo. Mimi nataka neno la siri la programu. Miaka minne amenificha."

Mfumo alifikiri kwa kiasi cha sekunde moja, akaliuza. Mhasibu akahesabu laki tano, akageukia kompyuta yake, akaandika neno lile, akafungua mipangilio. Mstari wa tatu ulisomeka: Unganisha na vitabu vya hesabu. Kitufe kilikuwepo tangu siku programu iliponunuliwa. Akakibonyeza.

Magari yakaanza kupanda. Yalipanda ya wiki ile yote ishirini na tisa, yakafuata ya mwezi, yakafuata ya mwaka jana, kila moja na kadi yake na bei yake. Mfumo alisimama nyuma ya kiti, mdomo wazi. Kwa mara ya kwanza maishani alikuwa ameuza kitu kikafanya kazi, na jambo hilo lilimtia hofu. Aliaga haraka, akashuka ngazi akiwa na laki tisa mfukoni, akiona tayari sura ya mke wake akifungua mlango.

Saa nane kamili aliingia karakana. Akalitafuta gari jeupe. Hapakuwa na gari jeupe. Palikuwa na kitu cha rangi ya chungwa juu ya magogo manne, bila milango, bila magurudumu, kinang'aa kwa unyevu. Mafundi sita walikuwa wanakipepea kwa maboksi.

"Rangi imeshika vizuri," alisema Fundi Kadi kwa fahari.

Mfumo alimnyooshea skrini kidole. "Fundi, ile kadi ilikuwa ya mfano!"

"Haikuandikwa mfano."

"Rudisha milango! Rudisha magurudumu, haraka!"

"Kadi imesema ng'oa. Imesema toa. Haijasema rudisha." Fundi alikunja mikono. "Kurudisha ni kadi nyingine."

Mfumo akakimbilia kwa Gasketi. Akamkuta ameshika kichwa, jasho linamtiririka, anatazama magari yake ya siri yakipanda juu moja baada ya jingine.

"Bosi, ifute ile kadi, nakusihi."

Gasketi alijaribu. Hapo hapo dirisha la ghorofani likafunguka.

"Nimeona mtu anafuta kadi!" Mhasibu aliita. "Hakifutwi kitu hapa! Kazi imefanyika, rangi imetumika, mafundi sita wamefanya kazi tangu asubuhi. Kung'oa na kurudisha, pamoja na rangi, ni laki tisa na elfu kumi. Na mlinzi wa geti hafungui mpaka vitabu viseme imelipwa."

"Dada, sina hiyo elfu kumi!"

"Sawa. Punguzo la mteja mpya."

Mfumo alizihesabu noti mwenyewe, noti zilezile, za Gasketi na za Mhasibu, zikarudi kwenye gereji zilimotoka. Alipewa risiti yenye mhuri, na Fundi Kadi akapewa kadi ya kurudisha. Sanduku alilisahau kwenye ngazi, likiendelea kupepesa.

Saa kumi na dakika moja alisimamisha gari mlangoni. Mama mkwe alikuwa nje na mkoba wake, mke amesimama nyuma yake.

"Gari langu liko wapi?"

"Ndilo hili, mama."

Mama alilizunguka mara mbili polepole. Mfumo alifungua mdomo. Uongo alikuwa nao wa kila aina, lakini hata mmoja haukufaa kwa gari la rangi ile. Akatoa risiti, akampa kwa mikono miwili.

Mama alivaa miwani. "Kung'oa milango. Kurudisha milango. Kutoa magurudumu. Kurudisha magurudumu. Rangi. Laki tisa, imelipwa." Aliinua macho. "Imelipwa na nani?"

"Na mimi, mama."

"Taslimu?"

"Taslimu."

"Kwa hiyo mwanangu anakula kwangu miezi mitatu, kumbe wewe una laki tisa za kung'oa milango na kuirudisha mahali pake!" Akaikunja risiti, akaitia kwenye mkoba. "Haya. Nilisema uonyeshe unaweza kulisha nyumba. Umeonyesha. Mwanangu, kafungashe."

Mke wake alitabasamu, tabasamu ambalo Mfumo alikuwa hajaliona tangu masufuria yaondoke, na moyo wake ulijaa furaha ya kweli. Angeweza kumbusu hata Fundi Kadi.

"Ahsante, mama, Mungu aku..."

"Na vyangu pia kafungashe," mama alimwambia binti yake. "Kodi ya nyumba hii imenichosha. Mtu mwenye pesa za kuchezea namna hii hatashindwa na mdomo mmoja zaidi."

Mfumo alijipapasa mifuko ya suti ya kukodi, ya nje na ya ndani. Kisha akamfungulia mama mkwe mlango wa mbele wa gari. Mama alipanda, akasukuma kiti nyuma kabisa, akafunga mkanda, akamuuliza leo wanakula nini.