Ushuru wa Cherehani Iliyopona

Ndugu Mkuu wa Forodha,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, ingawa kwa niliyoyaona ghalani kwenu sina hakika kama uzima ni jambo la kutangaza mbele ya ofisi yako.

Mimi ni binti wa fundi wa kutengeneza cherehani. Mwezi uliopita mama mmoja, mshonaji wa nchi jirani, alimletea baba cherehani yake ya mkono, baada ya mafundi wa kwao kumwambia aitupe. Imepona. Leo ni siku ya tisa tangu izuiliwe kwenu, na mama huyo ana sare za watoto arobaini za kushona kabla shule hazijafunguliwa Jumatatu. Malalamiko yangu ni haya:

1. Ilipoingia, afisa wako aliandika "chuma kibovu, hakina thamani". Ilipokuwa inarudi, alizungusha gurudumu, sindano ikapanda ikashuka, akasema, "Dada, hii siyo ile. Ile ilikuwa mbovu." Akaikadiria ushuru wa bidhaa mpya. Nilimweleza kwamba kutengeneza ndiyo kazi yetu. Akanijibu kwa upole, "Basi hapo ndipo mlipokosea."

2. Baba ana desturi ya kuacha chini ya sindano kitambaa cha majaribio, upana wa kiganja, mteja aone mshono ulivyonyooka. Afisa alikiandika "nguo iliyoshonwa", akaniuliza ni nguo gani. Nikamwambia haina hata mikono. Akaandika: "Blauzi isiyo na mikono, moja."

3. Alinishauri kama dada yake kwamba nikiivunja palepale itapita bure, akanisogezea na nyundo ya kufungulia masanduku. Nimelifikiria jambo hili siku tatu, nikaona ana hoja. Naomba basi ofisi yako iajiri mharibifu rasmi, akae mlangoni na meza yake na muhuri wake, ili kila kilichopona kitoke kama kilivyoingia.

4. Ila haki iwe kwa wote. Watu huja kwenye hospitali zetu wakichechemea na kurudi kwao wakitembea. Kaka wa mshonaji huyohuyo alivuka juzi na meno mapya, akamchekea afisa wako mdomo wazi, na hakutozwa chochote. Mharibifu aanze na huyo.

Baba na mama wanakusalimu. Wasalimie maafisa wote, na mwenye nyundo kipekee.

Ni mimi ninayesubiri majibu,
Binti wa Fundi

Tanbihi: Baba ameisoma barua hii. Alicheka namba ya pili, akacheka ya tatu, kisha akarudi namba ya kwanza akaisoma tena. Anasema kichwa cha cherehani kilikuwa kimepasuka, akaweka kingine. Gurudumu pia. Na mhimili. Cha yule mshonaji kilichobaki ni kifuniko cha mbao. Kwa hiyo, kweli, siyo ile. Kesho asubuhi nitakuja na ushuru wote, wa blauzi pia, ilimradi mzigo uondoke kesho hiyohiyo. Ninachoomba ni kimoja tu: afisa wako asiambiwe kwamba alikuwa sahihi. Bado tutapita mikononi mwake miaka mingi.