Mguu wa Shemeji

Jumatatu, 4 Machi
Bosi wangu, mwenye lori la kusambaza magodoro, amegundua nimeendesha asubuhi nzima msumari ukiwa umepenya kiatu hadi kisigino. Sikuusikia. Ulikuwa mdogo. Amechukua funguo. Anasema mwenye kisukari asiyesikia msumari hatasikia breki. Muuza magodoro, leo bingwa wa miguu! Anataka cheti cha kliniki: wanapitisha ultrasaundi kwenye kifundo cha mguu, wanaona kama mishipa ya fahamu imevimba. Nisipokileta, lori anampa mpakizi wangu.

Jumanne, 5 Machi
Nimepata dawa. Si ya kisukari. Hiyo ipo kabatini, inapumzika. Nimepata mguu. Shemeji, kaka wa mke wangu, anaishi kwetu na hajawahi kuugua hata mafua. Soda nne kwa siku na bado anapanda ngazi akipiga mluzi. Nimemkaririsha jina langu na mwaka wangu wa kuzaliwa. Analalamika mwaka unamzeesha.

Jumatano, 6 Machi
Nimemsubiri nje ya kliniki, kofia usoni, kama mwizi wa kuku. Ametoka amejiinamia. Mtaalamu wa picha alimpaka jeli baridi, akapitisha kifaa, akaguna. Mshipa umevimba karibu mara mbili ya kawaida. Wakamtoboa kidole: sukari iko juu. Shemeji ameniuliza kwa nini sikumwambia jina langu linaambukiza.

Alhamisi, 7 Machi
Shemeji ametoboa siri. Nilijiandaa kulala nje. Badala yake mke wangu amenishika mkono, machozi yanamlengalenga: bila mimi, kaka yake asingejua mpaka mguu ukatwe. Nimepokea shukrani kwa unyenyekevu, nikaongeza kwamba nilimshuku siku nyingi. Akaacha kulia. Akauliza, na mguu wako je?
Nimeahidi kwenda kesho. Naogopa. Naandika hapa kwa kuwa hakuna anayesoma. Baba yangu mdogo alianza hivihivi, kwa kijidonda asichokisikia. Sasa anatembelea magongo.

Ijumaa, 8 Machi
Nimekwenda. Nimefika hadi kwenye benchi, nikavua viatu kama walivyoagiza. Mtaalamu akaita jina langu, akanitazama, akasema mwenye jina hilo alikuwa mnene zaidi. Nikamkubalia, nikaondoka haraka. Nani abishane na msomi?
Njiani nimepata wazo safi. Mpakizi! Anaruka kutoka kwenye lori peku, anatua kama paka. Jumatatu ataenda kliniki nyingine kwa jina langu. Sioni sababu ya yeye kukataa.
Mke wangu amenipokea mlangoni, akauliza wamesemaje. Nimemwambia mishipa yangu mizima, nasikia hata punje ya mchanga. Akatazama chini. Akauliza kiatu cha kushoto kiko wapi.
Nikatazama na mimi. Kweli, kilikuwa kimoja tu, na soksi ya pili imetoboka kwa lami.
Nimemjibu kliniki wamekibakiza kwa uchunguzi zaidi.