Kipanya cha Shemeji

Jumatatu, 3 Juni
Furaha iliyoje! Mwenye ukumbi wa gemu za kompyuta katangaza kuwa Jumamosi timu ya gemu ya risasi inakwenda mashindanoni na imebaki nafasi moja. Ni yangu! Kinyozi mwenye mkono kama wangu atakosaje shabaha? Wateja wote nimeshawaambia. Kikwazo ni shemeji, mke wa kaka yangu. Naye anaitaka. Eti nikanyoe watu, gemu niwaachie wenyewe. Tutaona!

Jumanne, 4 Juni
Nimegundua siri! Kwenye mipangilio ya kipanya cha kompyuta kuna mahali pa kupanga wepesi wake, na chini yake kijisanduku cha kuongeza kasi. Ukivuta polepole kishale kinatambaa, ukivuta ghafla kinaruka. Mtu aache utamu huo? Nimepandisha vyote mpaka mwisho. Nikigusa tu, ndani ya gemu nazunguka mara tatu na kuishia kutazama mawingu. Mwenye ukumbi kanionya kuwa wachezaji wazuri huizima kasi ili mkono uzoee. Wivu tu.

Jumatano, 5 Juni
Mkono umezoea kusogea kiduchu. Saluni, mteja kalalamika kuwa nusu ya ndevu zake bado zipo. Hajui michezo huyo. Jioni, ukumbini, shemeji alitoka kununua maji. Hima nikaingia kwenye kompyuta yake, kasi nikaizima, wepesi nikaushusha. Kwisha habari yake! Nimecheka njia nzima.

Alhamisi, 6 Juni
Shemeji kaanza kwa kulalamika kuwa kipanya kizito. Niliuma midomo nisicheke. Baadaye mkono wake ukakizoea. Risasi zake zikaanza kutua vichwani. Kichwani kwangu, hasa. Bahati ya mtende hiyo!

Ijumaa, 7 Juni
Mchujo. Mimi na yeye, ana kwa ana. Mimi nimepiga ukuta, pipa na dari. Yeye kanipiga mimi. Nafasi kaichukua. Imeniuma, sifichi. Kaka kashangilia mpaka sauti imemkauka, kaka wa tumbo moja! Kisha shemeji akasema anamshukuru sana aliyemtengenezea kipanya. Nikasimama upesi nikasema ni mimi. Shukrani haikataliwi. Mwenye ukumbi kanishika mkono, kasema niende nao kama fundi wa timu.

Jumamosi, 8 Juni
Fundi wa timu! Nimewahi kuliko wote. Nikapiga hesabu: kama shemeji kashinda akiwa kanyimwa kasi, akipewa je? Basi nimemwashia kasi, yeye na timu yetu nzima, na wepesi nimeupandisha mpaka mwisho. Wapinzani wote nimewazimia kasi na kuwashushia wepesi, mmoja mmoja. Mchezo ndio unaanza. Maskini, nawaonea huruma.