Dola ya Kwenye Pindo la Kidawa

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Umaskini kwaheri! Leo nimefungua pindo la kanga ya marehemu mke wangu, Kidawa. Tangu tunaondoka Tanga alifunga humo dola ya fedha ya Kimarekani aliyoachiwa na babu yake, baharia. Hakuifungua hata siku tulizolala njaa. Ni ya mwaka 1884, nyuma ina herufi S, haijachakaa. Nimesoma kwenye simu: wakusanyaji wanaitafuta kwa udi na uvumba.

Nitaiuza, nimpeleke Najma Tanga akaone kaburi la mama yake. Maiti ilisafirishwa kwa michango ya Watanzania wa huku kusini mwa Afrika. Nauli ya mtoto haikupatikana. Mwaka wa pili huu, na bado ananuna. Nimemweleza. Amenijibu kwa Kiingereza, kama kawaida yake, kwamba mama alisema dola ni yake na isiguswe. Miaka kumi na tisa, anajua nini?

Jumatano, 6 Agosti

Gradi kaiona. Huyu ni fundi cherehani mwenzangu, Mkongomani, tunagawana meza sokoni Newtown. Kaniambia, "Papa Najma, iache vile iko."

Husuda tupu! Wateja wangu wa zipu kawachukua wote, sasa anataka niende kwa mnunuzi na kitu cheusi kama sufuria. Nimenunua dawa ya kung'arishia vyombo. Nimesugua kwa mswaki, nikamalizia na dawa ya meno. Inameremeta! Najiona uso.

Alhamisi, 7 Agosti

Braamfontein, ghorofa ya tatu. Mnunuzi ni mzee mpole. Alipoiona herufi S alivuta taa karibu. Kisha akaiinamisha kwenye taa, akashusha pumzi. Akauliza nani kaisugua. Nikasema mimi, kwa mkono wangu, nikingojea sifa.

Akanieleza taratibu kwamba wakusanyaji wanataka sarafu na weusi wake, na mikwaruzo haitoki tena. Ningeiacha, tungekwenda Tanga na kujenga huko huko. Bei aliyotaja sasa haitufikishi hata Musina, mpakani. Nimerudi nayo mfukoni. Nimesimama kwenye robot, taa za barabarani, nikilia. Taa ya kijani imewaka mara tatu sijavuka.

Ijumaa, 8 Agosti

Najma kaikuta mezani. Kaichukua, kaipeleka puani. Hakupiga kelele.

"Baba, ilikuwa na harufu ya mama."

Kwa Kiswahili! Sikumbuki lini mara ya mwisho alinijibu kwa Kiswahili. Mafuta ya nazi, udi, jasho la Kidawa, vyote nimevisugua mimi. Najma kafungasha nguo, kaenda kwa rafiki yake Shekinah, mtaa wa Alexandra. Nimekaa upande wa kitanda aliokuwa akilala Kidawa. Moyo unaniuma.

Jumapili, 10 Agosti

Alhamdulillahi! Najma kaniandikia. Dola haitaki tena, anataka kanga ya mama tu, atapita kesho. Gradi kasema nimpe ilivyo. Gradi tena! Huyu mtu hachoki.

Safari hii simuudhi mwanangu. Nimeikagua kanga: pindo lina doa jeusi, mafuta yameganda, inanukia udi wa zamani. Hivi mtoto anapewaje urithi mchafu namna hii? Nimeilowesha kwenye beseni, sabuni ya unga na jiki. Maji yametoka ya kahawia. Nimeyamwaga, nimeongeza sabuni.