Pikapu ya Babu na Mtihani Nilioufeli kwa Makusudi

Jumatatu, 12 Agosti

Nimehamia bwenini. Chumba kinanuka rangi mpya na soksi za zamani. Niandike jambo lenyewe kabla usingizi haujanibeba: pikapu.

Babu Gerrit ana pikapu ya kijani. Nimeitamani tangu nilipokuwa nakalishwa juu ya magunia ya mbegu nyuma yake. Jana, hindi la kuchemsha mkononi na siagi kidevuni, katangaza mbele ya ukoo mzima: itakuwa ya mjukuu atakayepata alama nzuri zaidi muhula huu wa kwanza. Wajukuu wanaoanza uhandisi ni wawili. Mimi, na binamu yangu Britta.

Britta ana akili, sikatai. Lakini mimi ni mjanja. Na hesabu nilipata A mwaka wa mwisho sekondari. Kweli, mwalimu wa hesabu ndiye aliyekuwa kocha wetu wa mieleka, na nilikuwa nashinda. Ila A ni A! Mwenyewe aliniambia mara nyingi kwamba hajapata kufundisha mtu kama mimi.

Jumanne, 13 Agosti

Siku nzima natazama orodha ya masomo. Sielewi kitu. Fizikia haichukuliwi bila kalkulasi. Kemia ya wahandisi haichukuliwi bila aljebra, au mtihani, au ruhusa ya mtu ambaye jina lake halijaandikwa. Utangulizi wa Uhandisi unataka fizikia. Nikachora mishale juu ya mfuniko wa boksi la piza ili nione njia. Mshale mmoja ulizunguka ukarudi pale pale ulipoanzia, kwenye doa la mafuta.

Britta kapita kunitazama. Kasema yeye anachukua Kalkulasi ya Pili, fizikia, na kemia pamoja na maabara. Kasema hivyo huku anatafuna tufaha, kama mtu anayetaja alichonunua dukani. Kaniuliza mimi nachukua nini. Nikamjibu kwamba bado napima upepo.

Alipoondoka tu, wazo likanijia! Kesho kuna mtihani wa kupima kiwango. Ukifanya vizuri wanakutupa kwa papa, kwenye kalkulasi ya kina Britta. Ukifanya vibaya wanakuweka Kalkulasi ya Polepole, wanakokwenda watu waoga. Humo nitakuwa mfalme. A ya polepole ni A. Pikapu haijui tofauti.

Nitafeli kwa makusudi.

Jumatano, 14 Agosti

Nimechoka! Watu hudhani kufeli ni rahisi. Kila swali ilibidi nilitafutie kwanza jibu sahihi, kisha nichague jingine. Kazi mara mbili. Jirani yangu alikuwa anatoka jasho na kuuma kalamu. Nilimhurumia. Mimi nilikuwa nachekelea peke yangu mbele ya kompyuta, mpaka msimamizi akaja kuniuliza kama naumwa.

Nilikosea maswali yote, kuanzia la kwanza hadi la mwisho. Matokeo kesho asubuhi.

Alhamisi, 15 Agosti

Balaa.

Nimepata thelathini na nne kwa mia. Kalkulasi ya Polepole inataka sitini. Mimi nilidhani chini ya polepole hakuna kitu. Kumbe kuna ngazi nyingine, na chini yake nyingine, na chini kabisa kuna Aljebra ya Msingi. Ndiko niliko.

Nikakimbilia kwa Bi. Oyler, mshauri wa masomo. Mama wa makamo, ana sweta lenye picha za maboga ya sikukuu ya Oktoba ingawa ni Agosti, na bakuli la peremende mezani. Nikamuuliza habari za fizikia. Kasema imefungwa, inataka kalkulasi. Kemia ya wahandisi? Imefungwa. Utangulizi wa Uhandisi? Kafunga macho kidogo, kasema na huo pia. Nikauliza kilicho wazi ni kipi. Kasema kuna Mawe na Madini, somo zuri, wanafunzi wanalipenda, wanakwenda matembezi.

Mawe! Nikaona pikapu inaondoka, Britta kwenye usukani.

Basi nikakiri. Nikamwambia nilikosea kwa makusudi, kila swali, na kwamba kinachonitatiza ni kitu kimoja tu: ikiwa nilikosea yote, hii thelathini na nne imetoka wapi? Bi. Oyler kaitazama tena karatasi ya matokeo. Kasema na yeye alikuwa anajiuliza hilo hilo. Kisha kanisogezea peremende.

Habari njema: mtihani unaruhusiwa kurudiwa mara moja. Kesho. Kesho watamjua Anson Veldkamp ni nani!

Ijumaa, 16 Agosti

Nimeurudia. Kwa moyo wote. Kwa nguvu zote. Sikukosea hata swali moja kwa makusudi.

Thelathini na moja.

Sielewi. Sielewi kabisa. Nimekaa kwenye ngazi za ofisi nikijaribu kulitatua. Huenda ni uchovu. Huenda kule kujifanya mjinga juzi kumeniingia mwilini na hakujatoka. Nikarudi kwa Bi. Oyler kumweleza hiyo ya mwili. Kasikiliza mpaka mwisho, mama wa watu, halafu kaniambia nichukue bakuli lote.

Nimeandikishwa: Aljebra ya Msingi, Mawe na Madini, Uandishi wa Insha. Kasema Januari nitaruhusiwa kufanya mtihani tena, na nikifaulu nitaingia kalkulasi. Nikamsihi asimwambie Babu. Kasema hamjui Babu.

Jumapili, 18 Agosti

Babu kaja. Kaleta maboksi ya Britta na bakuli la tambi za samaki alizooka Bibi. Pikapu imeoshwa, inang'aa. Nikaigusa ubavuni kwa siri.

Tukiwa tunakula nyuma ya pikapu, Babu kauliza wajukuu zake wanasoma nini. Britta kataja yake. Ikawa zamu yangu. Nikasema kwamba mimi nimeamua kujenga msingi imara kwanza, maana nyumba ni msingi. Babu kauliza msingi wa nini. Nikasema wa kitaaluma. Kamgeukia Britta, kamwambia, "Hebu nitafsirie huyu."

Britta kasema taratibu, bila kucheka, kwamba Anson yuko Aljebra ya Msingi. Na kwamba anasoma mawe.

Babu kavua kofia, kaikung'uta gotini. Kaniuliza imekuwaje. Nikamweleza yote, mpango wa kufeli na ule mtihani wa pili. "Mbio za sakafuni huishia ukingoni, mjukuu wangu," kasema. "Mawe ninayo shambani kwangu. Miaka arobaini nayaokota, na hakuna aliyenipa A." Kisha katoa funguo mfukoni, kamkabidhi Britta. Hakuna haja ya kungoja mwisho wa muhula, kasema, ng'ombe kipofu angeona mshindi ni nani.

Niliumia. Nisidanganye hata kwenye shajara yangu mwenyewe. Nilikwenda chooni nikafungulia bomba nikalia.

Niliporudi Babu kanishika bega. Kasema kiti cha abiria ni changu wakati wowote. Na kasema kitu kingine: nikiingia kalkulasi Januari, kalkulasi ya kweli, pikapu itakuwa yetu wawili, wiki kwake wiki kwangu. Britta kakubali hapo hapo. Tena kasema atanifundisha mwenyewe, bure. Bure! Mtu anayeweza kupoteza nusu ya pikapu? Ana lake jambo huyu.

Jumatano, 21 Agosti

Somo la kwanza na Britta. Tumekaa ndani ya pikapu, yeye kwenye usukani, mimi kiti cha abiria. Kanipa maswali kumi ya sehemu: jumlisha nusu na theluthi, mambo ya namna hiyo.

Nikapiga hesabu zangu kimya kimya. Wahenga walisema mjinga akierevuka, mwerevu yu mashakani. Britta akigundua nguvu zangu mapema hivi, ataogopa, ataacha kunifundisha, na nusu yangu ya pikapu itayeyuka. Lazima nimpumbaze. Basi nikakosea manne kwa makusudi. Manne tu, yasizidi, asije akashtuka.

Kasahihisha kwa kalamu nyekundu, polepole, mara mbili. Kaniambia nimekosea tisa.

Maskini Britta! Kalkulasi ya Pili yote hiyo, na kusahihisha sehemu hajui. Sikumwambia kitu, asije akavunjika moyo. Wiki ijayo nitakosea mawili tu, nione kama atapata hesabu sawasawa.