Ombi la Kusimamisha Malori Mpondwe Kila Jumapili Saa Kumi

Baker Abdu,
Wakala wa Forodha,
Bwera.

Kwa Mwenyekiti,
Umoja wa Mawakala na Wenye Malori,
Mpondwe.

Mheshimiwa Mzee Mbusa,

YAH: KUKWAMAKWAMA KWA MCHEZO WA MPIRA KWENYE LAPTOP YANGU

Nakusalimu kwa heshima zote, na natumaini goti lako limepata nafuu. Naandika nikiwa na akili timamu, nimekwisha kunywa chai, na mke wangu Hamidah ameisoma barua hii akasema nisiilete. Nimeileta.

Unanijua. Mwaka wa ishirini na tatu huu nafanya kazi ya kutoa mizigo mpakani. Nimetoa saruji, nimetoa mbao na magodoro, na safari moja nilitoa jeneza ambalo mwenyewe alikuwa mzima, amekuja nalo, anataka risiti. Katika miaka yote hiyo nimejifunza jambo moja: hakuna kitu kinachokwama chenyewe. Kikikwama, yupo mtu amekikwamisha; mtu huyo ana meza, na mbele ya meza yake kuna kiti. Kazi ya wakala ni kukitafuta kiti hicho, akae, aeleze shida yake kwa adabu. Kwa shida hii nimetafuta miezi mitano, na kiti nilichokipata ni cha ofisini kwako.

Naomba kwanza nieleze chanzo. Binti yangu Asmah yuko Sharjah, anatunza stoo ya vipuri vya magari. Nilimkataza asiende, akaenda, tena aliondoka alfajiri bila kuniaga. Miaka miwili hatukusemezana. Mtoto ana kichwa kigumu, na watu wa hapa Bwera husema hakukiokota njiani. Kisha mwaka huu akanitumia laptop kwa mkono wa msafiri. Ndani yake mlikuwa na mchezo wa mpira, na juu yake karatasi: "Baba, Jumapili saa kumi. Weka vile vya masikioni." Basi tangu hapo tunacheza, yeye kule, mimi hapa, na sauti yake naisikia sikioni kana kwamba amekaa jikoni.

Utaniuliza kwa nini nisimpigie simu. Simu tunayo. Lakini kwetu simu ni ya salamu. Nikimpigia tunaulizana hali, hali ya mama, ya shangazi, ya mvua, ya mbuzi, na tukimaliza kuulizana hali, mmoja wetu anaitwa kazini. Kwa hiyo saa ile ya Jumapili ndiyo saa pekee ninayokuwa na mtoto wangu, na ndiyo saa inayoharibiwa. Inaniuma sana, Mzee. Malalamiko yangu ni haya:

1. Mchezo unakwama. Kwanza unaanza kugugumia: mpira unakwenda hatua mbili, unafikiri, unakwenda hatua nyingine. Halafu unasimama kabisa. Golikipa wangu anabaki wima anatazama mbele kama mtu anayepigwa picha ya pasipoti. Hali hiyo huchukua dakika mbili, tatu, mara nyingine saba. Sauti ya Asmah haikwami, ni picha tu, jambo linaloonyesha wazi kwamba anayekwamisha anachagua.

2. Sikukurupuka kuja kwako. Nilianza na fundi, Sosthène wa Butembo, yule mwenye kibanda karibu na soko, ambaye hata simu za maafande hutengeneza yeye. Alikuja na bisibisi tatu. Alifunga programu zote zilizokuwa wazi, yakiwemo mawaidha ya Hamidah yaliyokuwa yakishuka kutoka mtandaoni tangu Ramadhani. Akaniambia nichomeke umeme kabla ya kucheza, nikachomeka. Akapunguza ubora wa picha: watazamaji wote wakatoweka uwanjani, nyasi zikawa kama zulia la msikitini, na mshambuliaji wangu namba tisa akabaki bila pua. Tukakwama vilevile, sasa bila hata mtu wa kutushangilia.

3. Ndipo Sosthène akaleta hoja ambayo naiandika hapa ili uone ni kwa kiasi gani nimevumilia. Alisema, nanukuu: "Papa, hii machine haipumue. Iko na moto sana, ndiyo maana inasimama. Ventilateur, ile feni ya ndani, imejaa chumvi. Mutoshe ile gunia, mutaona." Gunia analotaka nilitoe ni la chumvi ya Kabatoro, la mama mkwe wangu, ambalo laptop yangu hukaa juu yake tangu siku ya kwanza. Gunia la chumvi ni la baridi kuliko meza yoyote. Zaidi ya hayo, Mzee, wewe ni mtu wa huku. Nyama ukiitia chumvi haiozi. Samaki haozi. Ngozi ya ng'ombe inakaa mwaka. Tangu nizaliwe sijaona kitu kilichoharibika kwa sababu ya kuwekwa kwenye chumvi. Nilimshukuru Sosthène, nikampa chai, akaenda zake akitikisa kichwa.

4. Nilishuku pia umeme. Kwa kuwa sipendi kusingizia, nilipanda boda hadi Bugoye kuuona mto Mubuku kwa macho yangu, maana umeme unatoka kwenye maji yale. Nilisimama darajani kama nusu saa. Mto unatiririka vizuri, haugugumii, haukwami. Kwa hiyo shida haitoki huko, na naomba iingie kwenye kumbukumbu kwamba Mubuku hauna hatia.

5. Yamebaki malori. Nyumba yangu iko kando ya barabara, na lori likipita na mbao za Kongo hata masufuria ya Hamidah yanajua. Kama sufuria linatikisika, mchezaji wa ndani ya laptop, ambaye ni mwepesi kuliko sufuria, atasimamaje imara? Halafu kuna foleni. Siku ya Jumapili madereva wanapanga mstari kutoka getini hadi kwa fundi wa matairi, na kila dereva ana simu, na kila simu inaonyesha video. Mtandao ni kama bomba la mtaa: wakijaza madumu watu hamsini, wa hamsini na moja anapata hewa. Wa hamsini na moja ni mimi.

Ushahidi ninao. Nimechora daftari kama lile la mizigo: tarehe, saa ya kukwama, saa ya kuachiwa, gari lililokuwa likipita. Kwa mfano, Jumapili moja tulikwama saa kumi na dakika kumi na mbili, tukaachiwa saa kumi na dakika kumi na sita, lori la mbao. Nyingine tulikwama dakika saba nzima, tela la magodoro. Safu ya maelezo nimeiacha wazi, kwa sababu wakati picha imesimama mimi na Asmah huwa tunazungumza mambo mengine ambayo hayahusiani na malalamiko haya.

6. Hili ndilo zito. Mchezo haukwami Asmah anapokaribia goli langu. Hapo unakimbia kama pikipiki mpya. Unakwama mimi ninapokaribia goli lake. Mabao yangu yasiyopungua kumi na moja yamezuiliwa mpakani pasipo maandishi wala sababu. Mtu wa kawaida angesema ni bahati mbaya. Wakala anajua mzigo ulioshikwa anapouona.

Kutokana na hayo, naomba ofisi yako tukufu ifanye yafuatayo. Kwanza, malori yote yasimame kila Jumapili kuanzia saa kumi hadi saa kumi na moja jioni, huku na ng'ambo, maana mtikisiko hauna pasipoti. Pili, madereva wazime simu zao saa hiyo. Anayetaka burudani aimbe. Tatu, ikishindikana kusimamisha mpaka mzima, nipewe barua yenye muhuri wa Umoja kwamba matokeo ya mechi zote tangu mwezi wa tano yamebatilishwa, ili niisome kwa Asmah kwa sauti. Muhuri uwe ule wa zambarau. Ule wa bluu siku hizi hata wauza nyanya wanao.

Najua wenye malori watalalamika. Waambie kwamba nyanya zikichelewa saa moja bado ni nyanya. Mtoto akizoea kwamba kwa baba yake mambo hayaendi, ataacha kuja.

Nakutakia afya njema na uongozi usio na migomo. Nisalimie Mama Kabugho wa chai, wapagazi wote, Mzee Célestin na hasira zake, na yule afande wa getini anayetabasamu siku ya mvua tu.

Wako katika kazi na mateso,

Baker Abdu

N.B. Barua hii ilikaa mfukoni siku nne kabla sijaileta, na katikati yake ikapita Jumapili. Siku ile, nikiwa msikitini kwa swala ya adhuhuri, Hamidah alimwita Sosthène. Akaifungua laptop, akapuliza, akaiweka juu ya vipande viwili vya mbao. Saa kumi mchezo ulikwenda kama maji. Haukugugumia hata mara moja. Tulimaliza kwa dakika kumi na nane, Asmah akanifunga manne bila, akasema, "Asante Baba, mchezo mzuri," akatoka. Nilibaki na vile vya masikioni mpaka Hamidah akaja kunivua.

Jumapili iliyotangulia, Mzee, ndiyo ile ya dakika saba. Picha ilipokuwa imesimama, Asmah aliniambia: "Baba, asubuhi ile ya kuondoka nilisimama mlangoni pa chumba chenu. Nilijua nikikuaga sitaondoka." Nilikuwa nasogeza kiti nimjibu, picha ikarudi, refa akapuliza filimbi, na sisi tukacheza.

Kwa hiyo barua hii nakuomba uichane. Malori yapite. Kama yapo yaliyozuiliwa tangu Ijumaa, yaachie yote Jumapili saa kumi, yapite kwa pamoja, na madereva wawashe simu zao. Nahitaji dakika tano tu. Ninalotaka kumwambia ni fupi, ila kulianza ndiko kutakakonichukua muda.