Mudathir Amehamia Ndani ya Repo Yangu

Kwako Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa,
Mzee Nassibu, shikamoo.

YAH: OMBI LA KUMHAMISHA MUDATHIR

Mimi Kokuberwa, mpangaji wa chumba cha juu ya fundi cherehani, natengeneza programu za kompyuta pamoja na mwenzangu Mudathir. Kazi zetu tunazihifadhi kwenye makabati ya mtandaoni tunayoyaita repo. Kila mtu ana lake. Malalamiko yangu ni haya:

1. Repo ya Mudathir imeingia ndani ya yangu bila hodi. Imo humo na mlango wake na funguo zake. Nikitaka kurekebisha kitu chake, sharti nipitie kwake kwanza. Ndani ya kwangu!

2. Ijumaa nilikwenda Kunduchi kuwaonyesha akina mama wauza samaki programu ya kupanga zamu za mnada. Repo yangu niliinakili kwenye kompyuta ya chama chao. Mbele ya watu arobaini nikafungua folda ya Mudathir, ambamo zamu zote hupangwa. Tupu! Kumbe ukinakili repo ya nje, ya ndani haiji. Linakuja jina lake tu. Katibu wao, Bi Tabu, akachungulia, akasema, "Mwanangu, umetuletea sufuria au kifuniko?" Walicheka mpaka wa vibanda vya jirani wakaja kuuliza kuna nini. Mzee, nilikosa pa kuweka uso.

3. Nilipompigia Mudathir alijibu, "Dada Koku, mie nakula. Uliiita na ya ndani? Isipoitwa haiji." Aliyejiingiza mwenyewe aalikwe tena?

4. Tukinyamaza, kesho ataingiza na ya shemeji yake, keshokutwa ya rafiki wa shemeji, mwisho mtaa wetu wote wa Chang'ombe utakaa ndani ya folda yangu, nawe Mzee ukose wa kumwongoza.

Hivyo naomba ofisi yako imwandikie wito, mgambo wawili wamsimamie akihama, na mpaka uwekewe mawe.

Wasalimie Mama Hope na wote hapo ofisini, hata yule karani aliyeniambia kompyuta si kiwanja.

Ni mimi, mwenye repo halali,
Kokuberwa

Nyongeza: Repo huandika kila jambo pamoja na jina la aliyelifanya. Nimeifungua sasa hivi kutafuta ushahidi. Aliyeiingiza ya Mudathir ni mimi, mwezi wa tatu, na nimeandika mwenyewe: "Naiweka humu ya Mudathir, ingawa amenikataza." Wito kama umeshagongwa muhuri, naomba libadilishwe jina tu. Mudathir alikwenda Kunduchi leo asubuhi, akaiita ya ndani, ikaja. Akina mama wamempa samaki wawili aina ya changu, naye ameniletea mmoja.